Haki ya Jicho

Mtu akusudiaye kwenda kutazama ndege katika nyanda za juu za Kigoma hana budi kuanza kwa kuhesabu miezi. Kiangazi kinapokaribia kwisha, Agosti na Septemba, barabara za Kasulu na Kibondo hupitika, maji hupungua, na ndege hukusanyika penye maji yaliyosalia. Mashariki ya milima hiyo yapo mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi, yenye hekta 3,250,000, ambayo mwaka 2000 yalitiwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar kuwa hazina ya dunia nzima. Katika mafunjo yake huishi ndege mkubwa wa kijivu, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu, asimamaye kimya muda mrefu akimvizia samaki. Amtakaye ndege huyu sharti awe na subira iliyo sawa na yake.

Safari hii haina aibu, lakini ina swali. Majira hayo hayo korongo weupe wa Ulaya huanza kuja Afrika. Zamani wako waliodhani kuwa ndege hulala chini ya maji wakati wa baridi. Mwaka 1822, huko Ujerumani, aliuawa korongo mwenye mshale wa Kiafrika shingoni, ukawa ushahidi wa mwendo wake. Tangu hapo ndege huvuka mipaka akishangiliwa. Mtu je? Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilianzishwa mwaka 1996 kwa waliokimbia vita vya Kongo. Mwaka 2015 maelfu ya Warundi walifika hapo, na Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena kwa ajili yao. Ndege mgeni huandikwa daftarini kwa furaha. Mtu mgeni huandikwa kwa mashaka.

Wapo wasemao kuwa jicho ni huru, nalo halidaiwi kitu. Wapo wasemao kuwa kutazama ndege jirani na msiba ni ugumu wa moyo. Wote wamepungukiwa. Mgeni akiielekeza darubini yake kambini atakuwa ametenda vibaya zaidi, maana atamfanya mtu kuwa ndege. Ndege hutendewa wema kwa kuachiwa nafasi. Akikaribiwa mno huruka, akaacha kiota chake. Mtu hutendewa wema kwa kukaribiwa na kusikilizwa. Basi kosa la mtazamaji si kumpenda ndege, bali ni kuwapa watu umbali uwafaao ndege.

Kwa hiyo upangaji wa safari ni mtihani wa haki kabla ya kuwa hesabu ya siku. Ndani yake iwemo nafasi ya mvuvi na mrina asali wa Buha, walioyajua mabwawa kabla ya kitabu chochote, na ambao riziki yao imo katika kile mgeni akiitacho uzuri. Waulizwe, walipwe ujira wa haki, wasikilizwe. Kambini hakuingiwi bila kibali. Lakini mgeni arudipo kwao hahitaji kibali ili akatae kusema kwamba aliona ndege tu. Jicho lililomngojea ndege asubuhi nzima halina udhuru wa kumnyima mtu saa moja.