Kete Moja

Neno la mwezi huu latoka Luka 16:10, ambapo Bwana wetu atufundisha ya kuwa uaminifu wa mtu hupimwa kwanza katika jambo dogo. Neno hili twalijua tangu darasa la Kipaimara, na wengi wetu tumelifundisha. Lakini sisi tulilisikia upya juu ya ubao wa bao.

Tulikuwa Same, chini ya mti, tukingoja gari la kupanda mlimani. Jua lilikuwa kali, na mwenzetu, mzee wa kanisa, alikuwa na bao lake. Sisi si mafundi wa mchezo huu. Waujuao wajua ya kuwa una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji ana 32. Kumi huwa ubaoni tangu mwanzo, sita kati yake katika nyumba, nazo 22 hukaa mkononi na kunamuliwa moja moja. Zikiisha, ndipo mtaji huanza, na hapo mwenye kuhesabu vibaya huangamia.

Hata tulipofika katika mtaji, tulikula kete saba za mwenzetu, tukaanza kuzitia shimo kwa shimo kutoka kichwani. Ya saba ilipasa kuangukia shimo tupu, nasi tulale. Lakini vidole viliachia kete mbili pamoja katika shimo la tatu. Kwa hiyo ya mwisho ikaangukia shimo la sita, lililokuwa na kete, na mbele yake palikuwa na kete nyingi za mwenzetu. Naye wakati ule alikuwa akimwamkia mpita njia. Hatukukusudia, lakini tulijua, tukanyamaza. Tukala tena na tena, hata mstari wake wa mbele ukawa mtupu. Akacheka, akatupa mkono, akasema, “Leo umenifunga, Mwalimu.”

Siku chache baadaye watu kadhaa wa kijiji chetu walitushitaki mbele ya wazee. Sisi tulikuwa tumewekwa kugawa zamu za maji ya ndiva, nao walisema ya kuwa mfongo wa shamba letu hupata maji mengi kuliko ya wengine. Katika maji hatukuwa na hatia, wala siku moja hatukuzidisha zamu yetu. Ndipo mwenzetu yule akasimama, akasema, “Mtu huyu namjua. Nimecheza naye bao miaka mingi, wala hajaniibia hata kete moja.”

Ndugu, neno lile lilituchoma kuliko mashitaka. Tukinyamaza, ushahidi wake utatuokoa. Tukinena, walioshitaki watapata la kushika. Tulisimama kwa miguu mizito, tukaungama habari ya kete ile mbele ya wote.

Palikuwa kimya. Mwenzetu alitazama chini kwa muda, kisha akauliza, “Kwa nini hukuniambia siku ile?” Hatukuwa na jibu. Wazee wakaamua ya kuwa tangu siku ile ndiva isifunguliwe na mtu mmoja, bali wawili. Twakiri ya kuwa uamuzi ule ulituumiza, kwa maana katika maji tulitenda haki. Lakini nani angeweza kujua? Sisi wenyewe tulikuwa tumewapa sababu ya kutia shaka.

Wapenzi, wengi wetu tumekabidhiwa hesabu ndogo ndogo: daftari ya wanafunzi wa Kipaimara, sadaka ya mavuno, ndoo za mahindi, zamu za maji. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba; na uovu nao hujaza kibaba kwa njia iyo hiyo. Tena tusidhani ya kuwa kosa tusilolikusudia si kitu. Kete ziliponyoka vidoleni halikuwa kosa la moyo. Kunyamaza ndiko kulikoligeuza kuwa dhambi.

Basi kabla ya kulala, kila mtu na ajiulize: Je, iko kete niliyoinyamazia? Kama iko, amwendee mwenzake kesho, asingoje kusifiwa mbele ya watu. Mwenzetu alitusamehe, nasi twacheza naye hata leo. Sasa kila mmoja huhesabu kwa sauti. Bwana, aliyetusamehe deni kubwa, atupe moyo wa kuungama yaliyo madogo. Amina.