Gari la Pili Melini

Baada ya ibada huzuka maswali ambayo hayamo katika katekisimo. Mojawapo ni hili: mtu aliyelipa nauli yote ya mzigo wake, je, aweza bado kumkosea jirani yake kwa ukubwa wa mzigo huo? Mfano uliotolewa ulikuwa wa wageni wanaoteremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay na gari lenye kitanda, jiko na choo ndani yake, nyumba ya magurudumu tuseme, na nyuma yake gari la pili, dogo. Wanatamani kuvuka ziwa na yote mawili. Baadhi yetu walicheka. Wengine walikasirika, wakasema huo ni ubinafsi mtupu.

Tuanze kwa kumtendea haki mgeni huyo. Nyumba ya magurudumu haiingii kila mahali. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66 na kidogo, imerahisisha mambo, lakini ukiiacha na kushika njia za vijijini, gari refu litakwama penye mchanga au chini ya miembe. Ndipo gari dogo linapofaa, kwenda sokoni, kumpeleka mgonjwa, kumtembelea rafiki. Kwa hiyo gari la pili si lazima liwe la fahari. Nasi wenyewe, tukihama kutoka Songea kwenda Mbeya, hatuachi baiskeli kwa sababu tu tumepata lori.

Tena mgeni huyo ataambiwa jambo ambalo watu wa hapa wanalijua. Meli za abiria za upande wetu, Songea na Iringa zilizotumika miaka mingi, na Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021, hazikuundwa kama vivuko vikubwa ambavyo gari huingia kwa mlango wa mbele na kutokea wa nyuma. Sehemu nyingi za pwani yetu abiria wamezoea kuifuata meli kwa mashua na mitumbwi, mama na mtoto mgongoni. Nyumba ya magurudumu haipandi mtumbwi. Itazunguka kwa Songea, Njombe, Makambako, Mbeya na Tukuyu hadi Kasumulu, safari ya kilometa kama 700. Kwingine gari na abiria husafiri pamoja. Ziwa Viktoria, meli ya Mwanza iliundwa kubeba abiria 1,200, tani 400 za mizigo, magari madogo 20 na makubwa matatu. Katika Ziwa Tanganyika, Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ilikuwa ikipokea gari la msafiri kwa winchi, likining'inia juu ya maji huku mwenyewe akiomba kimyakimya. Na mto Ruhuhu tuliuvuka kwa kivuko, gari na mbuzi na watu pamoja.

Basi swali linabaki hata kama gari la mgeni limerudi Songea. Chombo kina vipimo viwili, nafasi na uzito. Gari dogo lina uzito wa tani moja na nusu, yaani watu ishirini na zaidi. Katika meli inayobeba tani 200 kama Mbeya II, hilo si kitu. Katika kivuko kidogo ni jambo kubwa. Aliye na fedha atasema, Nimelipia. Ni kweli, na tusimdharau kwa hilo, maana ushuru wa mizigo husaidia kuendesha meli, na bila shehena abiria maskini angetozwa nauli asiyoiweza. Wanaosema mizigo yote mikubwa ni dhambi hawajawahi kupiga hesabu ya mafuta ya meli.

Tena hapa tuna kumbukumbu yetu. Meli ya misioni yetu ya UMCA, Chauncy Maples, iliundwa Glasgow, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa mito Zambezi na Shire, ikaunganishwa upya na kuingia ziwani mwaka 1901. Boila lake lilikuwa na uzito wa tani 11. Lilivutwa na mamia ya watu kupita nchi kavu penye maporomoko ya Shire. Huo ulikuwa mzigo wa kutisha kuliko nyumba yoyote ya magurudumu, na matunda yake yalikuwa kanisa, shule na zahanati iliyoelea, iliyotia nanga mbele ya vijiji vyetu. Wazee wa Liuli, alipozikwa Archdikoni Johnson mwaka 1928, walituachia habari zake nyingi. Lakini ona: jina la meli tunalo, na la askofu tunalo, ila majina ya waliovuta kamba hatunayo. Aliye na mzigo mkubwa hasahau mzigo wake. Husahau mabega.

Na huyo Askofu Maples mwenyewe alikufaje? Alizama tarehe 2 Septemba 1895, mashua ilipopinduka katika dhoruba, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu. Inasimuliwa kwamba hakutaka kungoja, kwa hamu aliyokuwa nayo ya kuwafikia watu wake. Hamu hiyo ilikuwa njema. Hata hivyo tunajiuliza, nani katika mashua ile angeweza kumwambia Askofu, Baba, tungoje upepo utulie? Watu wa ziwani wanaujua mwera, wanajua mawimbi yake yanavyosimama kwa saa moja tu. Lakini mbele ya mkubwa ujuzi hunyamaza. Na leo mkubwa huyo anaweza kuwa mwenye magari mawili, au mfanyabiashara mwenye magunia, au sisi viongozi wa Kanisa tukiwahi mkutano.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Luka anaandika jambo lile lile. Akida alimsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo aliyeshauri wasiondoke. Mwenye merikebu alikuwa na shehena yake, na kwa kawaida mwenye shehena huona bahari shwari kuliko ilivyo. Baadaye, watu 276 wakiwa hatarini, walianza kutupa shehena, kisha vyombo vya merikebu, na mwisho ngano yenyewe. Kila kilichoonekana cha lazima bandarini kilionekana kizito katikati ya bahari.

Sasa tujigeukie wenyewe, maana kumhukumu mgeni ni rahisi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara katika Ziwa Viktoria, kikitoka Bugolora siku ya soko. Kilikuwa kimeruhusiwa abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Hatusemi hili ili kuwalaumu marehemu, Mungu awarehemu. Tunasema kwamba pale hapakuwa na mtu aliyejiona kuwa yeye ndiye wa ziada. Kila mmoja alikuwa na sababu, mtoto anangoja, gunia la mahindi, jua linazama. Kila mmoja alikuwa kidogo tu.

Gari la pili lina sifa moja ambayo gunia letu la tatu halina: linaonekana. Mwenye gari hupita ofisini, gari hupimwa, huandikwa, hulipiwa, nahodha anajua liko wapi na hulifunga kwa minyororo. Gunia letu la tatu mara nyingine hupita gizani, kwa kumjua baharia. Godoro, kreti za soda, mbuzi, kahawa ya shemeji, vyote vimo melini na havimo katika karatasi. Kwa hiyo kama tunauliza nani amemkosea jirani, huenda mgeni mwenye magari mawili ataingia katika ufalme akiwa mbele yetu, angalau kwa habari ya sitaha.

Walakini hatujamwachilia kabisa, wala hatujajiachilia. Yeyote anayelipia anasema, Hakuna aliyenilalamikia. Na ni kweli, gatini Mbamba Bay hakuna aliyelia. Meli ikienda kaskazini hupita Liuli, Lundu, Manda na Lupingu. Anayepanda kwanza hukuta nafasi tupu, naye hujaza bila kumsukuma mtu. Anayesukumwa yuko mbali, ufukoni Lundu, ana kapu la usipa aliloanika siku tatu, au amekaa Manda na mgonjwa. Meli inakuja imejaa. Mama yule hataujua mzigo uliokalia mahali pake, na mwenye mzigo hatamwona mama yule, kwa kuwa wakati huo amelala. Kosa la namna hii halina uso. Ndiyo maana halimwumi mtu dhamiri, wala haliletwi kwenye maungamo.

Wengine watasema, huo ni wajibu wa wenye meli, wao ndio wenye kugawa nafasi kwa kila bandari. Tunakubali, na wakifanya hivyo vema swali letu linapungua sana. Lakini amri ya kumpenda jirani haikutolewa kwa mawakala wa meli peke yao. Tena mwenye uwezo ndiye mwenye chaguo. Mwenye magari mawili aweza kuliacha moja lingoje safari ya pili, au dereva wake alizungushe kwa barabara, sasa ambapo lami imefika ziwani. Mwenye magunia kumi aweza kupeleka sita. Mama wa Lundu hana la pili la kuacha. Hana barabara ya kumfaa na kapu lile, wala usipa haungoji wiki.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya, na asiyekubali atuandikie. Kuwa na mzigo mkubwa si kosa, wala kuulipia si kosa. Kosa huanza pale fedha au cheo kinapomziba nahodha mdomo, na pale tunapokataa kuuliza ni nani anayengoja mbele. Nahodha akisema, Hilo libaki, libaki bila manung'uniko na bila bahasha. Asiposema, tuulize sisi.

Na kuuliza siku hizi si kazi ngumu. Simu zimefika Liuli na Lundu. Kabla karani hajaandika mzigo wa pili, mtu aweza kumwuliza bandari zinazofuata zina abiria wangapi, au kumpigia mmojawapo wa wazee wa kanisa aliye huko, atoke nje, aangalie ufukoni, ahesabu waliokaa juu ya makapu yao.