Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Wengi huichukua methali hiyo kama tahadhari: mtendee mgeni wema, kwani kesho huenda ukabisha hodi kwake. Kwa maana hiyo wema ni mkopo, na Butembo, mji wa wachuuzi wanaofuata bidhaa hadi Dubai na Guangzhou, unaijua hesabu ya mkopo. Lakini hesabu hiyo haiwezi kueleza yaliyotokea katika eneo jirani la Beni, mashariki mwa Kongo, tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza kuwafukuza watu vijijini. Wengi wa waliokimbia walilala kwa familia zilizogawana nao chumba na sufuria, ilhali zenyewe hazikuwa na ziada. Aliyekimbia na nguo za mwilini tu hana cha kurudisha. Basi, mwenyeji anampa nini, na kwa nini? Ninavyoona, wema kwa mgeni si mkopo, na si sadaka pia. Ni deni la zamani. Mtoto mchanga ndiye mgeni wa kwanza wa kila nyumba: huingia bila mzigo na bila jina, akapokelewa kabla hajajua kushukuru. Deni hilo hawezi kumrudishia aliyempokea. Hulilipa kwa kumpokea mwingine.

Mjini ni rahisi kulisahau deni hili, kwa sababu fedha huificha mikono inayotubeba. Mlimani mikono hiyo huonekana. Njia ya kupanda Ruwenzori kwa upande wa Kongo inaanzia Mutwanga, inaingia Hifadhi ya Virunga, inapita kwenye msitu, matope na mvua, kisha inafika kwenye barafu, hadi kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Mgeni anayeipanda, hata awe tajiri kiasi gani, anategemea mtu anayejua ni wapi pa kukanyaga na ni wakati gani wa kurudi. Ukimwondoa mwenyeji huyo, pesa zote zilizomo mfukoni hazitamwonyesha njia ukungu unaposhuka.

Mtu atasema: mpagazi analipwa, hivyo hapo pana ajira, wema haumo. Ni kweli analipwa, na ni haki alipwe vizuri. Ila mshahara hupima kilo na siku. Haupimi uamuzi wa kubaki na mgeni aliyeishiwa nguvu. Historia ya mlima huu pia inaonyesha jinsi mgeni anavyosahau. Mwaka 1906 Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia, alifika kileleni akitokea upande wa Uganda, na kilele kikapewa jina la Margherita, mama wa mfalme wake. Wenyeji Wakonzo waliobeba mizigo ya msafara huo hawakuachiwa kilele hata kimoja. Kusahauliwa huko hakufuti deni. Ni ushahidi kwamba bado halijalipwa.

Pingamizi zito zaidi linatoka Beni kwenyewe. Pale ambapo asiyejulikana anaweza kuwa muuaji, je, shaka si busara? Na kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Ebola ilipoua zaidi ya watu 2,200 mashariki mwa Kongo, hata kupeana mkono kulikuwa hatari. Nakubali: mlango una bawaba ili ufunguke na ufungwe. Kumuuliza mtu atokako, kumpeleka kwa kiongozi wa nyumba kumi, kumnawisha mikono kabla hajaingia, yote haya ni ulinzi, na mgeni mwema hayachukii. Lakini shaka isiyo na mpaka humla hata aliyekuja kusaidia. Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kupambana na Ebola, aliuawa hospitalini Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Hapa ndipo mfano wa Msamaria unapochoma. Tumezoea kujiweka mahali pa anayesaidia, kumbe Yesu alimjibu mwanasheria Myahudi kwa kumweka mgeni, tena mgeni aliyedharauliwa, mahali hapo. Swali si tu nitampokea nani. Ni pia nitakubali kupokea kutoka kwa nani. Asiyekubali kupokea hawezi kujua kwamba anadaiwa.

Yabaki swali la kiasi. Mwaka 1795 mwanafalsafa Kant aliandika kuwa mgeni ana haki ya kutotendewa kama adui anapofika, ila hana haki ya kudai kukaa. Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na wapo wanaoitumia kumfukuza. Lakini anayemfukuza mtu humpa njia, hampi jembe. Jembe linataka shamba, na kwa mkulima aliyeacha kakao yake ikioza vijijini kwa hofu ya panga, kipande cha udongo cha kulima ni zaidi ya chakula: kinamtoa kwenye hali ya kulishwa. Siku mbili za kwanza mwenyeji analipa deni lake. Siku ya tatu anampa mgeni uwezo wa kuja kulipa la kwake, kwa mwingine atakayebisha hodi.