Mtu ni Watu, Lakini Watu Gani?

Mjini Eldoret, methali "Mtu ni watu" husikika zaidi penye mchango. Kuna mgonjwa anayetakiwa kupelekwa India kwa matibabu, kuna mwanafunzi aliyekosa karo, kuna bili ya hospitali inayozuia mazishi. Mfawidhi wa shughuli anashika kipaza sauti, anaitaja methali, na watu wanaanza kujipapasa mifukoni. Matumizi hayo ni halali, na maisha mengi yameokolewa kwayo. Kwa bahati mbaya yametuzoesha kuisikia methali kama ombi la msaada, kana kwamba imetungwa kutuhimiza tutoe. Wahenga hawakusema kwamba mtu anahitaji watu. Walisema mtu ni watu. Hata ile nafsi ninayoiona kuwa yangu peke yangu, yaani kinachonichekesha, ninachokionea haya na ninachokitamani, imefinyangwa na mikono ya wengine, na bado inafinyangwa.

Ushahidi uko karibu. Toka mjini uelekee Kaptagat, kwenye misitu na barabara za vumbi jekundu ambako wakimbiaji hutoka kabla jua halijapanda. Humo ndimo Eliud Kipchoge, mzaliwa wa Nandi mwaka 1984, alimojengwa. Dunia inamjua kwa dhahabu mbili za marathoni ya Olimpiki, ya Rio 2016 na ile ya Tokyo iliyokimbiwa Sapporo mwaka 2021. Wasiomjua vizuri hudhani ubingwa huo ulimea ndani yake kama mti usiopandwa na mtu. Ila katika miaka yake ya fahari aliishi kambini siku za wiki pamoja na wenzake, akarudi kwa mkewe na watoto Eldoret wikendi tu. Kambini alikuwa na zamu zake kama kijana aliyefika juzi, na zamu ya kuosha choo ikimfikia aliosha. Kocha wake, Patrick Sang, aliyetwaa fedha ya mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji huko Barcelona mwaka 1992, alikuwa jirani wa kwao kijijini. Kijana alimwendea akamwomba ratiba ya mazoezi, na mkubwa hakumfukuza. Kama angemfukuza, miguu ingekuwa ile ile, mapafu yale yale, lakini Kipchoge tunayemjua asingekuwapo.

Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Wadhibiti kasi 41 walipokezana kumzunguka wakimkinga upepo. Shirikisho la riadha duniani halihesabu muda huo kuwa rekodi, na sababu mojawapo ni hao hao wenzake waliokuwa wakiingia na kutoka njiani. Sheria hiyo ina haki yake, kwa kuwa rekodi hutaka kujua mtu mmoja anaweza nini. Hata hivyo, mwenye kutafuta picha ya methali yetu asiende mbali na barabara ile ya Vienna. Tena mwanariadha wa huku akishuka uwanja wa ndege wa Eldoret na medali, hukutana na kina mama wenye vibuyu vya mursik. Anakunywa maziwa yale mbele ya watu wote. Medali alivishwa na maafisa wa ugenini. Ushindi, kwa maana ya kuwa sehemu ya alivyo, anakabidhiwa hapa, na waliomjua kabla ya viatu vya kukimbilia.

Wanafikra wamelisema jambo hili kwa njia zao. John Mbiti wa Kitui, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alishikilia kwamba mtu huwapo kwa sababu jamii yake ipo. Mmarekani Charles Horton Cooley alikuwa ameandika mwaka 1902 kwamba tunajiona kupitia macho ya wengine kama anayejitazama kiooni. Erving Goffman, aliyefanya utafiti wake katika kisiwa kimoja cha Shetland huko Uskoti, akayafananisha maisha ya kila siku na jukwaa: kila mtu huwa na sura ya mbele ya hadhira na sura ya nyuma ya pazia. Namheshimu Goffman, lakini hapo methali inamzidi kina. Mama mboga wa Eldoret humsalimu mteja mmoja "Chamgei" kwa Kikalenjin, anamgeukia wa pili kwa Kiluhya, wa tatu kwa Kikuyu, kisha anamkaripia mwanawe kwa Kiswahili. Je, anaigiza? Anayedhani kuna mama mmoja "halisi" aliyefichwa nyuma ya lugha hizo hajamwelewa. Wateja wale wote wamo ndani yake. Akifunga kibanda jioni haondoki bila wao, kwa kuwa hata akiwaza peke yake huwaza kwa maneno waliyompa.

Hapa ndipo methali inapoanza kutisha. Ikiwa watu ndio wanaomuumba mtu, basi wanaweza pia kumuumba vibaya. Pita mitaa ya kati ya mji uwatazame watoto wenye chupa za gamu puani. Tunawaita chokoraa. Mtoto yule alitoka kwao na jina alilopewa na bibi au shangazi, akiwa mjukuu wa fulani na mwanafunzi wa darasa fulani. Mjini amepokewa kwa neno moja, na kila anayekaza mkoba wake anapopita karibu naye analirudia neno hilo bila kufungua kinywa. Baada ya muda atajiita hivyo mwenyewe, atatembea hivyo, atatazama hivyo. Sisi tutasema ndivyo alivyo. Sioni dhuluma kubwa kuliko kumpa mtu nafsi mbovu halafu kumlaumu kwa kuivaa.

Na iko siku mji huu ulipowafanyia watu wazima jambo hilo hilo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, jirani aliyekuwa baba wa fulani, fundi, mwimbaji wa kwaya au mwanachama wa chama cha akiba aligeuzwa kabila tupu. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya Eldoret, lilichomwa likiwa limejaa waliokimbilia humo kujificha, wengi wao wanawake na watoto. Maelfu wakahamia mahemani katika uwanja wa maonyesho wa mji. Watu waliofanya hayo nao walikuwa wameumbwa na watu: na wanasiasa waliowapa maneno, na kundi lililowapa ujasiri ambao mmoja mmoja wasingekuwa nao.

Basi methali inabariki kundi? Ipo nyingine inayoelekea huko, "Wengi wape," na wengi huzichanganya hizi mbili. Ya pili inazungumzia nguvu ya idadi. "Mtu ni watu" inazungumzia asili ya utu, na mtu hatokani na umati uliokusanyika saa hiyo. Katika siku zile zile walikuwako wenyeji waliowaficha majirani wa kabila lingine katika nyumba zao, wakijua kwamba wangeitwa wasaliti na kwamba moto ungeweza kuwageukia. Ni rahisi kusema hao waliwapinga watu wao wakafuata dhamiri, kana kwamba dhamiri ni kitu mtu huzaliwa nacho akiwa peke yake. Mimi siamini hivyo. Dhamiri ile ilikuwa na walioijenga: mwalimu wa shule ya msingi, mama aliyekopesha chumvi, mzee wa kanisa, mtoto wa jirani aliyekulia uani mwao. Umati uliokuwa mlangoni ukidai waliofichwa watolewe ulikuwa na watu wa kabila moja tu. Aliyesimama mlangoni akakataa alikuwa ameumbwa na wengi zaidi ya hao.