Nzi Asiyejua Kushiba

Mtu akila hela za umma tunamwita mlafi, tunasema hana aibu, halafu tunamalizia na ile methali: tamaa mbele, mauti nyuma. Yaani tunaamini kushiba ni tabia, kitu ambacho mwenye utu anacho na fisi hana. Mimi nilianza kutilia shaka niliposoma habari za nzi.

Nzi wa mizoga huonja kwa miguu. Akikanyaga maji ya sukari, vinyweleo vya miguuni vinapeleka ujumbe, mrija wa mdomo unashuka, anaanza kufyonza. Utumbo wa mbele ukitanuka, neva nyembamba inapeleka ujumbe mwingine kwenye ubongo: basi, imetosha. Mrija unarudi juu. Mwaka wa 1958 huko Marekani, Vincent Dethier na Dietrich Bodenstein walieleza kinachotokea neva hiyo ikikatwa. Nzi haachi kunywa. Tumbo linafura kama puto, na anaweza kunywa hadi apasuke.

Hebu ona hapo. Tumbo lilikuwa limejaa, tena sana. Kilichokosekana ni ujumbe. Dethier alienda mbele zaidi: kwa nzi, njaa si sauti inayomsukuma ale. Ni kimya tu. Breki haijashikwa.

Sasa, kama kushiba ni ujumbe, tutamlaumu vipi yule ambaye haujamfikia? Nzi hatumlaumu, maana alikatwa neva na mtu mwingine. Lakini mheshimiwa anayepandisha vioo vya gari akipita sokoni, anayemfuta kazi msaidizi aliyethubutu kumwambia ukweli, huyo mkasi ameushika mwenyewe. Kosa lake si kwamba hasikii "imetosha". Kosa ni bidii aliyoweka ili asisikie.

Na tusijifanye ni yeye pekee. Anayebeti usiku kucha na hataki kujumlisha pesa zilizoenda, naye anakata, kidogo kidogo.

Kwa hivyo kiasi, kwangu, si ushujaa wa kusukuma sahani mbali. Ni kuwatunza wanaokuletea ujumbe: rafiki anayesema "buda, umezidi", mama anayeuliza hiyo pesa imetoka wapi, hesabu unayoogopa kuifungua. Wanaudhi, ni kweli. Lakini siku ukigundua hakuna anayekuambia imetosha, usikimbilie kudhani bado hujashiba.