Kumlilia Asiyezaliwa

Usiku ule umeme haukukatika, jambo la kushukuru hapa Ipinda wakati wa masika. Mashine ya kukoboa mpunga nilikuwa nimeifunga tangu magharibi, pumba bado zimo nyweleni, na mbele yangu Final Fantasy X ilikuwa inaisha. Niliianza mwezi wa pili kwenye PlayStation 2 ya zamani aliyoniachia mdogo wangu, kamusi ya Kiingereza ikiwa pajani. Nililia kwa sauti, hadi shangazi akatoka chumbani, kanga ameshaifunga kiunoni, akauliza, "Nani amefariki?"

Kwetu huku bondeni, kilio kikisikika usiku majirani huacha vitanda. Nikamwambia ukweli: Tidus.

Katika gemu hiyo ya Wajapani, iliyotoka mwaka 2001, Yuna ni binti ambaye moja ya kazi zake ni kucheza ngoma ili roho za waliokufa ziende zao, zisibaki kuwadhuru walio hai. Hilo shangazi hakuhitaji kuelezwa. Mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyetafiti kwetu miaka ya 1930, aliandika kwamba mila zetu za msiba zilikusudia kumtoa marehemu katika ndoto za ndugu zake, kisha kumrudisha nyumbani kwa amani. Tidus ni mlinzi wa Yuna, na mchezaji hutembea kwa miguu yake. Baadaye anagundua kuwa yeye mwenyewe ni ndoto: wafu wanauota mji wao ulioangamia, naye ni mkazi wa ndoto hiyo. Zimwi Sin likishindwa, waotaji watapumzika, naye atatoweka. Anajua, na bado anapigana. Mwishoni Yuna anakimbia kumkumbatia, anapita katikati yake, anaanguka.

Mimi ni mzee wa kanisa, na swali la kumlilia asiyezaliwa lilinifuata hadi ibadani. Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste, alijilaumu katika Maungamo yake kwamba ujanani alimlilia Dido, malkia wa utenzi wa Virgil, huku roho yake mwenyewe ikifa mbali na Mungu bila yeye kudondosha chozi. Lawama hiyo naiheshimu. Lakini namkumbuka nabii Nathani mbele ya mfalme Daudi. Yule kondoo wa maskini, aliyelishwa chakula cha nyumbani na kulala kifuani, hakuwahi kuzaliwa, nabii alimtunga. Hata hivyo Daudi alimwakia hasira aliyemchinja, wakati kwa Uria, aliyeuawa kwa amri yake, mtu mwenye mwili na mke, moyo wake ulikuwa mkavu. Mungu mwenyewe aliona inafaa kupitia kwa huyo kondoo.

Watu wema wameniambia nilikuwa namlilia kaka yangu, aliyezama ziwani na mwili wake haukupatikana. Nakataa. Kilio cha kaka nakijua. Hunijia nikiona kasia limeegemezwa ukutani. Cha usiku ule kilikuwa cha Tidus. Nilitembea naye miezi mitatu, nikamchagulia silaha, nikamwona akimfundisha Yuna kupiga mluzi. Kumnyang'anya machozi yake nimpe mwingine, hata ndugu yangu wa damu, naona ni dhuluma.

Usiku ule shangazi alikaa mkekani akanitaka nianze mwanzo. Hadithi ikatufikisha usiku wa manane.

"Alizikwa wapi?"

"Hana kaburi, shangazi."

"Na yule binti?"

"Husimama gatini peke yake, anapiga mluzi, anasubiri."

Akanyamaza. Mwaka ule kaka alipozama, shangazi alikaa siku tisa ufukweni Matema, chini ya Milima ya Livingstone, na kila mtumbwi ulipokaribia alikuwa anainuka.

"Ndiyo mwisho, mwanangu?"

Nikamwambia kuna kipande kidogo, majina ya waliotengeneza yakishapita. Tidus anaonekana majini, amejikunja kama mtoto tumboni. Kisha anajinyoosha, anaogelea kuelekea juu kwenye mwanga.

"Akatoka?"

"Picha inakatika hapo."

Alifungua kanga kiunoni, akaikunja taratibu.

"Basi usianue matanga," akasema, akarudi kulala.