Mtoto Asiyetulia Asiwagombanishe



Nyumba nyingi zina kilio hiki: "Mtoto huyu ametushinda." Mkimtuma unga dukani, anafuata mpira na kurudi mikono mitupu. Darasani haketi. Kila wiki kitabu kinapotea. Na usiku, mtoto akiisha kulala, vita huhamia chumbani kwenu. Baba husema, "Wewe ndiwe umemdekeza." Mama hujibu, "Hiyo ni tabia ya ukoo wenu."

Wapendwa, si kila mtoto mtundu ana shida. Lakini ikiwa hali hii ilianza kabla ya miaka 12, imedumu miezi 6 au zaidi, na huonekana nyumbani na shuleni pia, huenda ni ile ambayo madaktari huiita ADHD. Mpelekeni apimwe, maana hata kutosikia vizuri au kukosa usingizi huweza kufanana nayo. Si laana, si pepo, wala si kosa la mama. Mara nyingi hurithiwa, lakini urithi si jiwe la kumtupia mwenzako.

Mfanye nini basi? Mwaka 1971 wanasaikolojia Donald Meichenbaum na Joseph Goodman walieleza njia ya kumfundisha mtoto mwenye pupa kujiongoza kwa maneno yake mwenyewe. Kwanza mkubwa hufanya kazi akisema kwa sauti: "Nimeambiwa nini? Naanza wapi? Polepole." Kisha mtoto hufanya huku akiongozwa. Halafu hujisemea kwa sauti, baadaye kwa kunong'ona, na mwisho kimoyomoyo. Jaribuni kwa kazi ndogo, kama kupanga mkoba wa shule.

Hata hivyo, mafunzo hayo peke yake hayatoshi, kwa kuwa mtoto huweza kuyaacha palepale alipofundishiwa. Kwa hiyo wataalamu leo husisitiza kwamba wazazi nao wafundishwe. Toeni agizo moja kwa wakati mmoja. Akitii, msifuni papo hapo. Akipandwa na hasira, msaidieni kuitaja: "Umekasirika kwa kuwa umeshindwa," kisha apewe nafasi ya kupumua. Kiboko hakimfundishi kutulia. Wapo pia wanaohitaji dawa, na hilo daktari ataamua.

Mnaona kwamba kazi hii ni ya watu wawili. Baba akiruhusu anachokataza mama, mtoto hupotea katikati yenu.

Wakumbukeni Maria na Yosefu, Yesu aliposalia Yerusalemu akiwa na miaka 12. Walimtafuta pamoja mpaka siku ya tatu. Luka hasimulii kwamba mmoja alimlaumu mwenzake. Maria alipomwuliza Mwanae, alitaja uchungu wa wote wawili. Hawakulielewa jibu lake, lakini walirudi naye Nazareti, na huko akakua.

Leo usiku, mtoto akilala, msianze na makosa yake. Kila mmoja ataje jambo moja jema alilolitenda mtoto huyo. Kisha kubalianeni sheria moja tu ya wiki hii, mshikane mikono na kusali Baba Yetu. Siku ya arusi mliulizwa kama mtawapokea kwa upendo watoto ambao Mungu atawajalia. Hamkuulizwa kama watakuwa watulivu. Mlijibu ndiyo, na ndiyo ile yamhusu huyu pia.

Mungu aibariki nyumba yenu.